Je, Mwenye Kujua Anyamaze?

Watu wengi hudhani kuwa maswali makubwa ya wema na ubaya hukaa mahakamani, bungeni na katika nyumba za ibada. Hukaa huko, ni kweli. Walakini hukaa pia sokoni, juu ya turubai lililotandazwa chini, baina ya viatu vya mtumba na sufuria zisizo na vifuniko. Katika insha hii nataka, msomaji, tulitazame swali moja la namna hiyo. Limejificha ndani ya kitu kidogo kiwezacho kuenea katika kiganja cha mkono: kigari cha kuchezea.

Kijana wa Marachi hahitaji kufundishwa kupenda magari. Barabara kuu itokayo Kisumu hupita Bumala ikaenda Busia, na kaskazini yake iko nyingine ifikayo Malaba. Kwa njia hizi mbili hupita mizigo mingi iendayo Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo, na mara nyingi malori hupanga mstari mrefu yakingoja kuvuka mpaka. Mtoto aliyelelewa hapa hulijua lori kwa mlio wake kabla halijatokea kwenye kona. Tena watoto wa pande hizi wamezoea kujitengenezea magari yao wenyewe kwa nyaya, mikebe na nyayo za kandambili kuukuu. Na atengenezaye gari la waya hujifunza jambo ambalo mnunuzi halijui: kwamba kila kitu kina namna kilivyoungwa, na atazamaye kwa makini huiona.

Vigari ninavyotaka kuvisema si vya waya. Ni vile vya kusubu, yaani vilivyotengenezwa kwa madini yaliyoyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Madini yenyewe ni zinki iliyochanganywa na alumini, pamoja na magnesi na shaba kidogo. Kiwanda cha Meccano cha Liverpool, Uingereza, kilianza kuviita vigari vyake Dinky Toys mwaka 1934. Kampuni ya Lesney ya London, iliyoanzishwa mwaka 1947, ilitoa vile vidogo zaidi viitwavyo Matchbox kuanzia mwaka 1953. Husimuliwa kwamba fundi wake, Jack Odell, alimtengenezea binti yake mtambo mdogo wa kushindilia barabara, kwa sababu shule ya mtoto huyo iliwaruhusu wanafunzi kwenda na kitu cha kuchezea kinachoenea ndani ya kiberiti tu, si kikubwa zaidi. Mwaka 1956 vikaja vya Corgi, vilivyotengenezwa Swansea katika Wales, na mwaka 1968 vikaja vya Hot Wheels kutoka Marekani.

Afrika Mashariki nayo ina nafasi katika historia hii. Mwaka 1953, mwaka uleule wa kwanza wa Matchbox, yalianzishwa mashindano ya magari ya kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa ajili ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Ndiyo yaliyokuja kujulikana kwa jina la Safari. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant waliyashinda kwa gari la Volvo. Mwaka huohuo kampuni ya Corgi ilitoa kigari cha Volkswagen chenye rangi nyekundu ya machungwa, gurudumu la akiba juu ya paa, na maneno ya mashindano ya Afrika Mashariki ubavuni. Pamoja nacho, ndani ya sanduku, aliwekwa kifaru mdogo. Watoto wa Ulaya walikichezea, wakampoteza kifaru, wakalitupa sanduku, wakakikwangua rangi. Leo kile kilichosalia kizima, chenye kifaru wake na sanduku lake, hutafutwa na watu wazima kwa bidii kubwa.

Hapa yafaa tujiulize: ni nini kinachokifanya kigari kama hicho kuwa na thamani? Si madini yake. Yakiyeyushwa hayatoshi kununua mkate. Si uzuri wake pia, maana viko vipya vinavyokipita kwa ung'aavu. Thamani yake imesimama juu ya mafiga matatu: kwamba vilivyobaki ni vichache, kwamba wavitakao ni wengi, na kwamba kilichopo mkononi ni chenyewe hasa, si cha kuigiza. Figa moja likiondolewa, chungu huanguka. Kitu adimu kisichotakiwa na mtu ni uchafu wa pekee tu. Na kitu kinachotakiwa na wote lakini kimejaa kila duka hakina bei kubwa.

Figa la tatu ndilo linalohitaji elimu. Mjuzi akipewa kigari hakitazami juu kwanza, hukipindua. Chini ya tumbo husoma jina la kiwanda, nchi kilikotengenezwa na pengine nambari yake. Hujua kwamba mwaka ulioandikwa chini ya Hot Wheels ni mwaka wa haki ya umbo lile, wala si lazima uwe mwaka kigari kilipotoka kiwandani. Mgeni wa kazi hii hudanganyika hapo kila siku. Hutazama magurudumu, kwa kuwa Matchbox za mwanzo zilikuwa na magurudumu ya madini, kisha zikaja za plastiki, na mwaka 1969 zikabadilishwa ili zikimbie kwa wepesi. Hukisogeza karibu na sumaku: bati hunaswa, zinki hainaswi. Hutazama ribiti zinazoshikilia tumbo. Zikiwa zimetobolewa, au mahali pake pamewekwa skrubu, basi kigari kimefunguliwa, na huenda kimepakwa rangi mpya au kimetiwa viungo vya kingine. Elimu hii haipatikani kwa siku moja. Hupatikana kwa kusoma, kulinganisha, kukosea na kulipia makosa.

Sasa, msomaji, tufanye mfano. Yuko kijana wa kidato cha tatu, mwana wa Butula, ambaye amejifunza mambo haya kwa miaka miwili. Jumamosi moja ametumwa Busia kununua dawa ya mifugo. Apitapo penye mitumba, anamwona mama mmoja amekaa mbele ya rundo la vitu vya kuchezea vilivyotoka Ulaya: wanasesere wasio na nywele, mipira iliyopasuka, vipande vya plastiki. Ndani ya rundo kijana anaona rangi nyekundu ya machungwa. Anakiokota, anakipindua, anasoma. Moyo unamwenda mbio. Hata kifaru yuko, amekwama ndani ya kikombe cha plastiki chenye ufa.

"Mama, hiki ni bei gani?"

"Hamsini tu, mwanangu. Kimechakaa, lakini magurudumu bado yanazunguka. Huyo ng'ombe chukua bure."

Shilingi hamsini anazo. Pesa za kigari kile, akikiuza kwa wakusanyaji, huenda zikalipa sehemu nzuri ya karo yake. Mama hajui. Kijana anajua. Je, alipe na kunyamaza, au aseme?

Usikimbilie kujibu. Wako wengi wenye akili watakaosema kwamba kijana hana la kusema, nao wana hoja tatu zinazostahili kusikilizwa kwa heshima.

Hoja ya kwanza ni kwamba elimu ni jasho. Wakati wenzake walipokuwa wakicheza mpira, yeye alikuwa akisoma nambari na magurudumu. Ikiwa mkulima ana haki ya kuvuna alichopanda, kwa nini mwenye kujifunza asivune alichojua? Wahenga walisema akili ni mali. Basi mwenye mali hiyo aitumie.

Hoja ya pili ni kwamba mama hakulazimishwa. Bei aliitaja yeye mwenyewe kwa kinywa chake. Kijana hakusema uongo, hakukitia kigari ila, hakumharakisha. Sheria nayo, katika nchi nyingi, humwelemea mnunuzi kwa upole. Katika mwezi wa Februari 1815, huko New Orleans, Marekani, mfanyabiashara mmoja aitwaye Organ alipata habari alfajiri kwamba vita baina ya Marekani na Uingereza vimekwisha kwa mkataba. Kabla habari hazijaenea akaenda kununua tumbaku nyingi kwa bei ya wakati wa vita. Muuzaji akauliza kama kuna habari yoyote iwezayo kupandisha bei, Organ akanyamaza. Habari zilipotoka, bei ilipanda kwa asilimia 30 hadi 50. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1817 Jaji Mkuu John Marshall alisema kwamba mnunuzi hafungwi kumweleza muuzaji habari aliyo nayo, maadamu wote wawili wangeweza kuipata. Lakini aliongeza, na tusilisahau neno hili, kwamba kila mmoja lazima ajihadhari asiseme wala asitende jambo la kumhadaa mwenzake. Na kesi ikarudishwa ili jambo hilo lichunguzwe upya.

Hoja ya tatu ni kwamba biashara yote imejengwa juu ya kujua. Wafanyabiashara wa Busia na Malaba huishi kwa kujua ni upande gani wa mpaka mahindi yamejaa na upande gani yamepungua. Kama kila anayejua angelazimika kutangaza ajualo kabla ya kununua, nani angesumbuka kulijua? Nafaka ingeoza huku na watu wakalala njaa kule. Faida ya mwenye kujua ndiyo inayovisogeza vitu kutoka mahali visipotakiwa hadi mahali vinapotakiwa. Kigari chenyewe kisingalitambuliwa na kijana kingalikanyagwa na mkokoteni jioni ileile.

Hoja hizi si za kupuuzwa. Walakini yako mengine yaliyosemwa zamani sana, nayo yanavuta upande wa pili.

Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma alimwandikia mwanawe, aliyekuwa mwanafunzi huko Athens, kitabu juu ya wajibu wa mtu. Ndani yake aliuliza hivi: mtu mwema ameleta shehena ya nafaka kutoka Alexandria mpaka kisiwa cha Rhodes penye njaa. Anajua kwamba jahazi nyingine nyingi zenye nafaka ziko njiani. Watu wa Rhodes hawajui. Je, awaambie, au anyamaze na kuuza kwa bei ya njaa? Wanafalsafa wawili walibishana. Diogenes wa Babeli alisema muuzaji hana wajibu ila kueleza kasoro ambazo sheria inamwamuru azieleze, maana kunyamaza si kuficha. Antipater wa Tarso, mwanafunzi wake, alisema mtu amezaliwa kuwafaa watu, na faida ya wote ndiyo faida yake. Cicero alikata kwamba muuzaji yule hakupaswa kuwaficha watu wa Rhodes. Tena akamtaja Mroma mmoja, Scaevola, aliyetaka kununua shamba. Muuzaji alipotaja bei, Scaevola alisema shamba lina thamani zaidi ya hiyo, akaongeza sarafu 100,000. Watu, asema Cicero, hukubali kwamba hilo lilikuwa tendo la mtu mwema. Wanachokataa ni kwamba lilikuwa tendo la mwenye busara.

Katika mapokeo ya Kiislamu husimuliwa habari inayofanana na hiyo. Jarir bin Abdullah, sahaba wa Mtume, alimtuma mtumishi wake kununua farasi, naye akamnunua kwa dirhamu 300. Jarir alipomwona farasi, akamwendea mwenye mali na kumwambia kwamba farasi wake anastahili zaidi; akapandisha bei kidogo kidogo mpaka 800. Alipoulizwa sababu, alisema alikuwa amempa Mtume ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu. Tazama basi: Mroma na Mwarabu, waliotengana kwa karne nyingi na kwa dini, walifanya jambo moja.

Je, tuseme kwamba Scaevola na Jarir wamelimaliza swali? Hapana. Yawezekana walifanya zaidi ya wajibu, kama afanyavyo mtu anayetoa shamba lake lote kwa maskini. Tunamsifu, lakini hatumhukumu asiyefanya hivyo. Swali letu ni gumu zaidi: je, kijana wa Butula akinyamaza atakuwa amekosa, au atakuwa tu hakutenda wema wa ziada?

Mimi naona kuna tofauti mbili zitakazotusaidia kupata njia.

Tofauti ya kwanza ni baina ya mtu ajuaye kuwa yuko mchezoni na mtu asiyejua. Mchuuzi wa mahindi auzapo gunia Malaba anajua kwamba mnunuzi amekuja na hesabu zake kichwani. Anajua bei hupanda na kushuka. Yeye pia ana habari zake anazozificha. Ni kama wacheza bao wawili: hakuna anayelalamika kwamba mwenzake hakumwonyesha hesabu zake. Mama wa mitumba hayuko katika mchezo huo. Hajui kwamba duniani kuna watu wanaokilipia kitu kile fedha nyingi. Hata swali la kuuliza hana. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mtu hawezi kuuliza juu ya mlango asioujua kuwa upo. Kumshinda mcheza bao ni ushindi. Kumshinda mtu ambaye hajakaa penye bao ni kitu kingine, na jina lake si ushindi.

Tofauti ya pili ni juu ya robota. Mama huyu hakuviokota vitu vyake njiani. Vimetoka katika robota lililofungwa, na anunuaye robota lililofungwa hununua bahati pamoja na mzigo. Likifunguliwa na nusu yake ikakutwa mbovu, hakuna anayemrudishia fedha. Hasara ni yake, na usiku ule huenda watoto wakanywa uji mtupu. Ikiwa ubaya wote wa robota ni wake, kwa haki gani uzuri wake uwe wa mpita njia? Mtu aliyebeba hatari ya mzigo anastahili kuwa na fungu katika neema yake. Hapo ndipo yule mwanamke wa Ulaya aliyekitoa kigari hana dai: yeye alikitoa kwa hiari, hakutaka malipo. Mama alilipa.

Iko tena hoja ya tatu, nayo huwagusa wakusanyaji wenyewe. Waulize juu ya mtu anayepaka kigari rangi mpya, akakiweka ndani ya sanduku la kuigiza, kisha akakiuza kama cha kale. Wote watamlaani. Watasema alipaswa kueleza kasoro alizozijua na ambazo mnunuzi hakuweza kuziona. Vema. Lakini ikiwa muuzaji ajuaye lazima amweleze mnunuzi asiyejua juu ya ubaya uliofichika, kwa nini mnunuzi ajuaye asimweleze muuzaji asiyejua juu ya uzuri uliofichika? Kupoteza shilingi elfu moja kwa kununua kibovu na kupoteza shilingi elfu moja kwa kuuza kizuri ni kupoteza kulekule. Hatuwezi kutumia mizani mbili, moja ya siku ya kununua na nyingine ya siku ya kuuza.

Basi, kijana afanye nini? Wengine watasema ampe mama kigari chake na kumwambia thamani yake yote. Mimi siendi mbali kiasi hicho, kwa sababu hoja ya jasho bado imesimama. Bila elimu ya kijana, kigari hakina thamani kwa mama. Bila mzigo wa mama, elimu ya kijana haina kitu cha kushika. Thamani ile imezaliwa na wawili, na kilichozaliwa na wawili hakiliwi na mmoja. Naona njia ya haki ni hii: aseme, "Mama, nadhani kitu hiki kina thamani kuliko hamsini, lakini sina hakika. Nikubalie nikiuze, kisha tugawane." Ikiwa ana haya, au anaogopa kumpa mama tumaini la bure, maana huenda amekosea na kigari ni cha kuigiza, basi na akinunue kwa hamsini, akichunguze, akiuze, kisha arudi na fungu. Kilicho cha lazima ni kurudi.

Utanipinga, msomaji, kwamba kwa njia hii vijana watakata tamaa ya kujifunza. Sidhani. Nusu ya kingi ni zaidi ya hamsini aliyoitoa mfukoni, na bado elimu yake imempa alichokikosa kila mpita njia mwingine. Tena mama aliyelipwa kwa haki atamwita siku nyingine robota litakapofunguliwa, naye atavitazama vitu kabla havijamwagwa chini. Lakini sitaki kuiegemeza hoja yangu juu ya faida hiyo. Huenda mama asimwite kamwe. Huenda akahama Busia juma lifuatalo. Haki yake haipungui kwa sababu hawezi kulipa fadhila.

Utanipinga pia kwamba ni vigumu kujua mpaka: je, nikinunua koti la shilingi mia mbili na najua dukani ni mia tatu, nirudi pia? Hapana. Tofauti ndogo ndiyo riziki ya soko, na muuzaji aliitegemea alipotaja bei. Hapa nakupa kipimo ambacho hakitakupa jibu la kila jambo, lakini kitakusaidia mara nyingi. Jiulize: je, yule mtu akijua kesho nilichokijua leo, nitaweza kupita mbele ya kibanda chake na kumsalimu? Mnunuzi wa koti ataweza. Wote wawili watacheka. Mnunuzi wa kigari aliyenyamaza atazunguka njia nyingine. Ukimya unaokulazimu kuubadili mwendo wako sokoni ni ndugu wa uongo, hata kama hawakuzaliwa siku moja.

Wenye vigari vya kale wanalijua jambo moja la kusikitisha. Baadhi ya vile vilivyotengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa na risasi kidogo mno iliyoingia katika zinki kwa uzembe. Vilitoka kiwandani vizuri, rangi iking'aa. Baada ya miaka, bila kuguswa na mtu, huanza kupata nyufa, huvimba, kisha humomonyoka ndani ya masanduku yao. Hakuna dawa, kilichoingia siku ya kusubu hakitolewi. Tabia ya mtu ina nafuu kuliko madini, maana inaweza kuyeyushwa tena na kusubiwa upya. Lakini kwa kila mwaka upitao kazi hiyo huwa ngumu zaidi. Ndiyo sababu nimekuletea swali hili ukiwa bado shuleni.

Kwani usidhani kwamba nimeandika kwa ajili ya vigari. Wachache kati yenu watavikusanya. Lakini kila mmoja wenu, kwa kuwa anasoma, anajitayarisha kuwa mtu ajuaye zaidi kuliko aliye mbele yake. Mmoja atakuwa mpima ardhi, ajue barabara mpya itapita wapi, naye atakutana na mjane mwenye shamba pale pale, anayeliuza kwa bei ya kichaka. Mmoja atakuwa daktari, mwingine wakili, mwingine mnunuzi wa mazao. Siku hiyo hakutakuwa na mwalimu karibu, wala sheria haitasema neno. Kutakuwa na mtu mmoja asiyejua, anayekutazama usoni, na wewe unayejua. Mjane yule ataitaja bei ya shamba lake kwa kinywa chake mwenyewe, kwa hiari yake, kama mama wa Busia alivyoitaja hamsini. Ukumbuke hapo kwamba bei ikitajwa na mtu aliyefumbwa macho, aliyefumbuka ana deni.